Gari la Baba Sasa Linatembelea Gesi

Chumba cha juu, nyuma ya karakana,
Jumapili, tarehe 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kifua kimeacha kukusumbua? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima. Mama anakula vizuri, anagomba vizuri zaidi. Kiharusi kilichukua miguu, ulimi kimemwachia wote.

Uliandika tuuze gari la Baba kwa sababu linakula petroli kuliko sisi tunavyokula. Ni kweli, na kadi ya gari ina jina lako, kwa hiyo neno la mwisho ni lako. Hali ilikuwa mbaya: Mama alianza kusingizia mafua ili asiende hospitali kwenye mazoezi ya viungo, asinitie gharama. Hapo niliogopa kwelikweli.

Basi keti kwanza. Gari nimelifunga mfumo wa gesi asilia. Bei yake ilinitoa jasho, na cherehani ya kudarizi imeuzwa. Imebaki ile kuukuu ya kushonea sare za shule.

Lakini Kaka, haya ni maajabu! Unabonyeza kitufe karibu na usukani, gari linatoka kwenye petroli linaingia kwenye gesi, wala halishtuki. Fedha iliyokuwa ikitufikisha hospitali tu, sasa inatupeleka, inaturudisha, na chenji inabaki. Nilidhani nimekosea hesabu, nikamwita fundi makanika wa hapa chini ahesabu yeye. Akanicheka.

Siku ya kwanza kituoni nilijiaibisha. Nilibeba dumu nipewe gesi ya akiba! Mjazaji akaniuliza, "Dada, upepo utaubeba kwenye dumu?" Foleni nzima ikaangua kicheko. Wakati wa kujaza abiria wote hushuka, kwa hiyo Mama alikaa pembeni kwenye kiti chake cha magurudumu, macho kayakaza kwenye mshale wa kipimo.

"Hakuna kinachomwagika, hakuna kinachoonekana," akasema, "na gari litaondoka?"

Likaondoka. Mama aligomba mpaka nyumbani kwamba tumeuziwa upepo, na wewe unamjua.

Sikufichi, kero zipo. Vituo ni vichache na foleni ni ndefu, huwa napinda sare humo humo garini. Mlimani nguvu inapungua kidogo. Mtungi wa gesi lazima ukaguliwe na wataalamu kila baada ya muda, hilo si la kupuuza. Tena umemeza buti yote. Kiti cha Mama kinafungwa kamba juu ya paa, majirani wanadhani tunahama.

Jana tulipotoka mazoezini nikawasha taa ili nikate kona ya nyumbani. Mama akasema, "Nyoosha." Nikamwuliza tunakwenda wapi.

"Hatuendi popote. Nizungushe tu, nione watu."

Kaka, tangu augue hajatoka nyumbani ila kwenda hospitali. Tulizunguka mpaka taa za barabarani zikawaka, anasoma vibao vya maduka kwa sauti kama mtoto aliyejua herufi juzi. Nilikuwa naendesha huku nalia, na yeye ananigombeza nitazame mbele.

Wasalimie wifi na watoto, waambie shangazi yao siku hizi anaendesha upepo. Fundi naye anakusalimu. Mungu akuzidishie afya na akulinde huko uliko.

Fedha siombi. Naomba usiliuze. Mama ameshachagua barabara ya Jumamosi ijayo.

Mdogo wako akupendaye, hata ukinuna,

Chiriku