Msamaha Uliopitia Mikononi mwa Noella

S.L.P. 41,
Saint-Amable, Maine.
24 Januari

Mpendwa shemeji Armand,

Pokea salamu zangu wewe, Paulette na watoto. Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Anchorage? Mwezi wa Novemba uliniandikia kwamba unakohoa kila ukipanda ngazi, na tangu hapo mtu akikohoa kanisani nageuka kama vile ni wewe. Mwone daktari. Usiwe kama marehemu kaka yako Normand, aliyeamini kwamba kwa daktari huenda watoto na vikongwe tu.

Mimi goti linanisumbua wakati huu wa theluji, lakini natembea. Mama yenu ni mzima. Anakula vizuri na anagombana na redio kutwa nzima.

Habari ya Holcombe najua imeshakufikia. Paulette aliniambia kwamba uliizima televisheni ukaenda kukaa peke yako ndani ya gari. Hukuniona nikikupigia, na labda ulishangaa. Siku ile sikuwa na neno. Sasa ninalo, na kwa simu litanishinda. Nikiandika huenda nikalimaliza.

Siku Rais aliyeondoka alipotoa orodha yake ya mwisho ya misamaha, mimi na wajane wenzangu tulikuwa ukumbi wa kanisa tukipika supu ya njegere. Rita Ouellette alikuwa akikata vitunguu. Televisheni ilikuwa inaongea peke yake pembeni. Mara tukasikia, "Garrett Holcombe, mwenye kiwanda cha mbao." Alihukumiwa miaka kumi, ametumikia minne, na sita iliyobaki imefutwa kwa kalamu. Watu saba walikufa, Armand! Mara tatu mlimwambia kwamba unga wa mbao umejaa mpaka juu ya taa, na mara tatu akaamuru kitabu cha ukaguzi kiandikwe kwamba kila kitu ni safi. Rita peke yake mlipuko ule ulimchukulia wana wawili.

Wakasoma na maelezo ya Ikulu, kwamba mtu huyu alifungwa kwa ushahidi wa "wafanyakazi wenye kinyongo." Nikajua palepale kwamba wanakusema wewe. Nilikuwepo siku zote tatu ulizosimama kizimbani kutoa ushahidi na makovu mabichi mikononi, wakili wake akikuita mlevi mbele ya mkeo. Mama yenu alipoyasikia maelezo hayo alisema, "Kinyongo? Armand wangu hata paka aliyemwibia samaki alimsamehe siku ileile." Hapa mjini hakuna aliyeliamini neno lile. Nataka ulijue hilo kabla hujaendelea kusoma.

Rita akaweka kisu chini.

"Odile, Noella wako si yuko hukohuko? Kwa wanasheria wa Rais?"

"Yuko."

"Na hakujua?"

Unajua mji huu ulivyojivunia mwanangu. Picha yake ilibandikwa posta, karibu na ya askofu. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nikimwandikia kila mwezi: vumilia mwanangu, kazi kama hiyo haipatikani mara mbili. Basi nikamjibu Rita mbele ya wote, "Naapa kwa kaburi la Normand, mwanangu hakujua lolote. Angejua angenipigia."

"Haya, nimekuamini," akasema, akarudia vitunguu vyake. Wote waliniamini.

Noella alikuja tarehe ishirini na moja, siku moja baada ya Rais mpya kuapishwa. Alishuka kwenye basi la Bangor saa sita mchana, kichwa wazi na theluji ile, mkononi begi moja. Nilimpikia chapati za maji anazozipenda. Hakuzigusa. Hata koti hakuvua.

"Mama," akasema, "lile faili nililiona siku tisa kabla halijatangazwa."

Nikamuuliza faili gani, ingawa nilishaelewa.

"Kazi yangu ni kuhakiki. Jina limeandikwa sawa, namba ya kesi, tarehe ya hukumu. Lilikuja katikati ya mengine. Nikamwambia mkuu wangu, baba yangu alikufa kwenye kiwanda hiki. Akasema, 'Pole sana. Kama huwezi nampa mwingine, lakini kesho usije kazini.' Nikalihakiki."

"Na yale maelezo?"

Hapo ndipo alipolia. Maelezo nayo yalipita kwake. Neno lile la kinyongo lilikuwa limekosewa herufi moja.

"Nilijua ni baba mdogo Armand anayesemwa. Nilikaa nyuma yake mahakamani! Nikarekebisha ile herufi, mama, nikatuma."

"Mbona hukunipigia?"

"Tulikatazwa kusema. Na niliogopa. Yote mawili."

Sikumpigia kelele. Nilisimama naosha sahani ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Shemeji, nikikwambia kwamba nilimhurumia nitakuwa nakudanganya. Nilikuwa naufikiria mdomo wangu, na kaburi la kaka yako nililoliapia. Baadaye ndipo nilipokumbuka zile barua zangu za vumilia, vumilia, nikaona aibu nyingine juu ya ile ya kwanza.

"Twende kwa Rita," nikamwambia.

"Mama, si leo, tafadhali."

"Nimemwapia uongo kwa jina la baba yako. Leo."

Rita alitufungulia mlango lakini hakutukaribisha kuketi. Noella alieleza yote akiwa amesimama, na theluji ya viatu vyake ikawa inayeyuka juu ya sakafu ya mwenyewe. Rita alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwenye makaratasi hayo," akamuuliza, "majina ya wanangu yalikuwemo?"

"Hapana, mama. Lilikuwemo la Holcombe tu."

"Hata idadi yao?"

"Hata idadi."

"Basi yataje sasa. Yote saba."

Noella akaanza na baba yake, kisha wana wa Rita, Lionel na Gilles. Akawataja Fernand na Odilon. Alipofika wa sita akakwama. Mimi nilikuwa nalo jina ulimini, nikajiuma mdomo. Rita hakumsaidia wala hakuondoa macho. Mwishowe Noella akasema, "Théodule. Théodule Cyr. Na Roland Michaud."

Rita akafungua mlango. "Nimesikia. Odile, wewe Jumamosi uje kupika kama kawaida. Huyu asije."

Jumamosi ni kesho. Nitakwenda, ingawa sijui nitasimama upande gani wa jiko. Picha ya posta imeshatolewa. Nilipita jana nikaona misumari minne.

Noella ameacha kazi ile. Yuko katika chumba chake cha zamani, na kutwa ananyanyua simu akupigie, anairudisha. Nimemwambia asubiri mpaka barua hii ikufikie, usije ukasikia kwake jambo hili ghafla. Atakupigia Jumapili ya pili ya Februari, baada ya misa ya huku, ambayo kwenu itakuwa asubuhi.

Sikuombi umsamehe. Wamesamehe vya kutosha Washington mwaka huu, tena bila kutuuliza. Kama utataka kumtukana, mtukane, ni haki yako, na mimi nitakuwa nimekaa karibu naye na sitamwambia akate. Ninaloomba ni moja tu: simu ikilia, usimwachie Paulette. Ipokee wewe.

Nisalimie Paulette, nisalimie Yvon na mdogo wake Clarisse. Mwambie Clarisse soksi zake ninazifuma, moja imekwisha. Mama yenu anakusalimu na anasema umekonda, ingawa hajakuona miaka minne. Padre naye anakuulizia.

Mungu akulindie kifua chako, na akupe usingizi.

Ni mimi shemeji yako, ninayekupenda kama mdogo wangu wa tumbo moja,

Odile Thibodeau