Shati la Mutesi

Gisenyi, 3 Juni 2025

Kwako baba,

Assalaam aleikum. Masikio yako vipi, bado hayasikii vizuri? Na shangazi huko Ujiji anakulisha vizuri? Sisi wazima, alhamdulillahi.

Tangu uniachie karakana, mafundi hawaongei. Nikiingia, vyerehani tu ndivyo vinavyosikika. Vitambaa vilivyoharibika navikuta vimefichwa chini ya meza. Mutesi alishona shati la mteja, kola ikapinda. Nikalitundika msumarini mlangoni ili wengine wajifunze. Siku ya tisa hakuja kazini, hajarudi mpaka leo. Sare za shule lazima ziishe Agosti, na bila yeye hatumalizi. Wewe hukuwahi kupiga kelele, na bado walikufuata. Ulifanyaje? Mimi hata hasira sina, nimekufa ganzi tu.

Mwanao, Nadra

Ujiji, 20 Juni 2025

Mwanangu Nadra,

Waaleikum salaam. Masikio ni yale yale. Shangazi yako ananishindilia ugali na samaki wa migebuka kama mtoto.

Unakumbuka shati nililovaa kwenye harusi yako? Mkono mmoja mfupi, ukaona haya, ukaniambia niukunje. Alilishona Mutesi mwaka wake wa kwanza. Koti langu la kijani alilikosea fundi Kimenyi. Nguo zangu zote ni zile walizokosea. Mteja nilimshonea nyingine, iliyoharibika nikavaa mimi, nikakaa nayo kati yao. Hakuna aliyenificha kitu.

Lo, Nadra, msumarini! Imeniuma. Litoe, livae, halafu nenda kwa Mutesi.

Baba yako

Gisenyi, 29 Agosti 2025

Baba,

Assalaam aleikum, na unisamehe kwa kimya changu. Afya ipo.

Shati nililivaa siku ile ile barua yako ilipofika, nikaenda kwa Mutesi huko Kanama. Mutesi alikuwa anachambua maharage. Nikamwomba radhi. Aliangalia ile kola weee, kisha akasema, "Bon, imekukaa muzuri. Lakini mi sirudi, dada. Kila mutu alipita pale akaona." Akanifungia maharage ya mafundi. Njia nzima ya kurudi bado nilikuwa na ile ganzi.

Sare tumechelewesha, nusu ya oda imepewa wengine. Shati nimeendelea kulivaa. Mwezi mzima hakuna aliyesema neno.

Jana fundi mmoja, Mutoni, alisimama mbele ya wote, akaniletea sketi. "Dada Nadra, nimeikosea kiunoni." Kimenyi akacheka, eti hiyo hata mtoto haimtoshi. Wakacheka wote.

Leo nimeivaa. Inanibana, kupumua shida. Nimekaa nayo hivyo hivyo, kati yao.

Mwanao, Nadra