Hamira Iliyokubali Maziwa

Mama mpendwa,

Pokea salamu zenye vumbi jekundu la Voi. Joto la huku lingekuvua ile sweta yako asubuhi na mapema.

Hamira yako ya mandazi haiwezi kula sukari ya maziwa, kwa sababu haina mlango wa kuiingiza ndani wala meno ya kuitafuna. Sisi kwenye maabara tumeiwekea vyote viwili, tulivyovitoa kwa hamira nyingine inayoyapenda maziwa. Jana nilianza kuijaribu kwenye joto la huku: nilichuja maziwa yaliyoganda kutoka Marungu, karibu na hapa, nikamimina yale majimaji kwenye chupa, nikatia hamira yetu na kungoja. Mpaka leo mchana ilikuwa kimya kabisa. Nilidhani joto limeiua, na kazi yangu ya miaka imekufa nayo. Nikalia.

Mwenyeji wangu hapa mtaa wa Kaloleni, Mama Mkamburi, ni mjane asiye na maneno mengi. Aliniona nikilia. Alileta kimanga, mihogo iliyopondwa na maharagwe, akaketi kando yangu tukala. Ghafla akanishika mkono.

"Mwanangu, hebu angalia chupa yako. Inapumua!"

Povu lilikuwa linapanda. Akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja mbio, wakiuliza ni nani amejifungua.

"Ni huyu," akasema, akinisukuma mbele.

Wakanipa mkono mmoja mmoja, Mama, wakanipongeza, na mimi nikapokea bila aibu. Ni mkono wako tu uliokosekana.

Mungu akutunze, na magoti yasikusumbue.

Binti yako,
Nyambura