Divai Chungu ya Bi Agnese na Neno la Kihamba cha Juu

Mdogo wangu Apolonia,

Marahaba. Najua ni marahaba iliyochelewa. Shikamoo yako ilifika hapa mwezi wa Septemba, mstari wa kwanza wa barua yako, na tangu siku hiyo imekaa mezani kwangu pamoja na maneno yaliyoifuata. Goti lako linaendeleaje na huko kupanda na kushuka na majani ya ng'ombe? Na yule ndama aliyezaliwa karibu na sikukuu ya Watakatifu Wote, ambaye Priscus alimtaja kwenye simu ya Rosalia, kuhara kumekwisha?

Mimi sina ugonjwa wa kuutaja, ila siwezi kukaa kwenye kiti. Nainuka, naenda dirishani, narudi, najikuta nimesahau ukurasa niliokuwa nausoma. Juzi Rosalia aliniangalia nikizunguka hivyo, akaniuliza, "Baba, kwani unamsubiri nani?" Simsubiri mtu. Ni mimi ninayesubiriwa.

Uliloniuliza ninalikumbuka neno kwa neno. Priscus, mtoto wa marehemu mdogo wetu Valeri, anataka kujenga. Sehemu ya kihamba chetu, shamba la ukoo, iliyo juu ya mfereji ni yangu, baba alinionyesha mwenyewe kwa fimbo yake, na hakuna wa kuchimba msingi pale kabla sijatoa neno. Huko Pasua, mjini, ameonyeshwa kiwanja, na mwenye kiwanja anataka jibu kabla ya Jumatano ya Majivu. Priscus akijenga Pasua, atahamia mjini na mkewe na watoto, nawe utabaki huko Rombo na ng'ombe wawili na goti moja zima. Ndipo ukaniandikia maneno sita: "Kaka, unarudi kuishi hapa, au hurudi?"

Nimeanza kukujibu mara tatu. Barua ya kwanza niliijaza habari za mavuno ya huku ughaibuni. Ya pili ikawa ya madaktari. Katika ya tatu niliandika "mwakani, Mungu akipenda," kisha nikaisoma, nikatambua kwamba hayo ndiyo niliyomwandikia mama mwaka aliofariki. Nikaichana.

Leo nimetoka kanisani, na jambo lililotokea baada ya misa ndilo limenikalisha hapa.

Nimewahi kukuandikia juu ya Bi Agnese, yule mjane anayekaa chini ya barabara yetu. Milima ya huku imejaa mizabibu kama yetu ilivyojaa migomba na mikahawa, na yeye ana shamba lake lililotoka kwa mumewe. Ndani ya shamba hilo kuna safu mbili za zabibu nyeusi za zamani. Hata wenyeji wengi hawazijui. Wazee wachache wanaziita kwa jina la kilugha chao, nami sijapata kuliona limeandikwa popote. Mwanawe anataka kuzing'oa, apande zile zinazojulikana. Basi mavuno yaliyopita mama huyo alizichuma peke yake, akatengeneza pipa moja dogo la divai, ili ajue kabla ya kukubali. Leo mlangoni mwa kanisa akanishika mkono.

"Njoo uonje. Wewe si ndugu yangu, wala si mchuuzi wa divai. Utaniambia ukweli."

Tukashuka ghalani, chini ya nyumba yake. Akafungua pipa, akajaza glasi, akanipa, akakunja mikono. Divai ilikuwa nyekundu iliyokolea, kama buni iliyopitiliza kuiva mtini. Nikaishika glasi. Yeye akangoja. Mimi nikangoja.

"Mbona hunywi?"

"Nakungoja wewe."

"Mimi naionja tangu Novemba. Kwani unadhani nimekutilia sumu?"

Apolonia, ningesema nini? Si ndiyo maana yenyewe ya desturi, kwamba mwenye pombe anywe kwanza mgeni akimtazama? Miaka arobaini na minne nimekunywa huku kwenye arusi na mahotelini bila kulikumbuka hilo. Lakini mle ghalani kulikuwa na harufu ya kitu kinachochacha, na bibi mzee amesimama kando ya pombe yake kama bibi yetu alivyokuwa akisimama, na mkono wangu ulikataa kwenda mdomoni. Nikamweleza. Akaninyang'anya glasi, akanywa nusu, akajifuta mdomo kwa aproni.

"Haya, sijafa. Kunywa sasa."

Nilipopiga funda la kwanza akanisogezea ndoo kwa mguu. "Tema humu."

"Siwezi kutema kinywaji cha mtu mbele ya macho yake."

"Wataalamu wote wanatema."

"Wataalamu hawakulelewa na mama yangu."

Akacheka hadi akashika pipa. Nami nikameza, nikameza tena.

Nikuambie ilivyokuwa, kwa kuwa wewe ndiye unayejua kuonja. Inaanza na ukali wa tunda, kama divai yoyote, hata ile ya Dodoma ukiitoa sukari. Halafu tunda linatoweka, yanakuja majani: harufu inayobaki mikononi ukipunguza matawi ya mnyanya, kisha mnanaa, kisha nyasi zilizokauka horini. Ukishameza ukadhani imekwisha, unakuja uchungu. Haukai mbele ya ulimi. Unakaa nyuma kabisa, mkavu, hauna haraka. Nikasema kwa sauti, "Msesewe." Bi Agnese akauliza ni nini hicho. Nikamwambia ni mti wa kwetu, magome yake mama aliyaanika, akayatwanga, akayatia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, pamoja na ulezi, bila hayo mbege ni uji wa ndizi tu.

Nilifurahi, Apolonia. Nikaomba glasi ya pili ili nihakikishe. Hapo ndipo furaha ilipopungua. Katika glasi ya pili sikuwa na hakika tena. Mara ya mwisho kunywa mbege ni kwenye msiba wa mama, miaka kumi na moja sasa. Sikuweza kusema kama ulimi wangu unaukumbuka msesewe, au unakumbuka neno tu, na mimi nimelibeba neno miaka yote hii nikidhani nimebeba ladha.

"Basi?" akasema Bi Agnese. "Nzuri au mbaya?"

Nikaanza kuzungumza. Nikamwambia divai hii ina tabia yake, kwamba kinywaji cha zamani kinahitaji subira, kwamba kila chombo kina mtu wake. Maneno mazuri, ungeyasikia ungesema kaka amesoma. Akapiga kifuniko cha pipa kwa kiganja.

"Bwana Anselimu! Nimekuuliza swali moja. Mwanangu anakuja kesho na mashine ya kung'olea. Unanizungusha kama mtu anayeuza ng'ombe mgonjwa."

"Sitaki kukuumiza."

"Jibu la hapana haliwezi kuniumiza, nimezika mume mimi. Kinachonimaliza ni kusimama hapa nikikutazama mdomoni."

Niliinamisha kichwa. Kisha nikamwambia, "Mimi nitainywa mpaka nife, kwa sababu zangu za nyumbani. Lakini ukiiweka mbele ya wageni wako, wataziacha glasi zimejaa. Ni chungu."

Alikaa juu ya kigoda. Nilidhani atalia. Akasema, "Basi azing'oe." Akainuka tena. "Isipokuwa safu ya ukutani. Hiyo nitainywa mwenyewe, nawe utakuja kunisaidia." Halafu akaenda kutukatia mkate na jibini, na alikuwa akitembea kwa wepesi kuliko tulipoingia. Huyo ndiye niliyeogopa kumwumiza.

Nimepanda mlima kurudi hapa bila kupumzika popote, na ninaandika nikiwa bado na koti.

Sirudi kuishi, Apolonia.

Ungetaka kujua sababu, na zipo. Kaburi la Lucia wangu liko hapa. Rosalia yuko hapa na watoto wake. Miguu yangu imezizoea ngazi za hapa. Lakini hizo ni sababu za kumwambia padri. Ukweli ni kwamba nimekishikilia kile kipande cha juu ili niendelee kuwa mtu anayerudi. Mtu anayerudi anaheshimiwa kote kuwili, na hana haja ya kufika. Wewe ndiye uliyekuwa ukipalilia mahali pa mtu huyo, ukiwafukuza mbuzi wa jirani wasile migomba yake.

Kwa hiyo msomee Priscus mistari hii mbele ya katekista na mbele ya wazee wa ukoo: Mimi Anselimu, mtoto wa kwanza wa baba yetu, nampa Priscus mtoto wa Valeri sehemu yote iliyo juu ya mfereji, achimbe msingi, ajenge, aishi, na uzao wangu hautamdai. Rosalia amesimama hapa nyuma yangu, amesoma, amekubali, na ataweka jina lake chini ya langu.

Nilikuwa nimeandika masharti pia: mikahawa gani isiguswe, mlango utazame wapi. Nimeyafuta. Humpi mtu ng'ombe ukabaki umeshika kamba. Habari ya nani atakata majani asubuhi mtasemezana wenyewe, na kwa ulimi wako sina wasiwasi.

Nikija, nitakuja kama mgeni, nitalala mahali Priscus atakaponionyesha. Sitaji mwezi. Miezi yangu umeshaisikia ya kutosha.

Ili isichelewe, Rosalia ataipiga picha barua hii na kuituma leo kwenye simu ya Priscus, na karatasi yenyewe itafuata kwa posta. Najua ataisoma kabla yako. Asome. Amengoja naye.

Msalimie mke wa Priscus, umwambie nasikia mtori wake wa ndizi unasifiwa hadi sokoni Mkuu, na mimi nimeusikia kwa masikio tu. Msalimie wifi yako, mama yake Priscus, umpe pole ya macho. Mzee katekista mpe shikamoo yangu, maana ni mmoja wa wachache waliobaki ninaoweza kuwaamkia. Na yule jirani mwenye mbuzi, naye msalimie, hata kama hastahili.

Limebaki moja. Nimekuweka miezi minne ukingoja, na kabla ya hiyo, miaka. Kwetu mwenye kosa hutuma jani la isale lililofungwa fundo, na anayeletewa hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Huku isale wanaliuza dukani kwenye vyungu vya maua, halijawahi kulinda mpaka wa mtu yeyote, na la namna hiyo siwezi kukutumia. Basi nakuomba utoke nje, uende mpakani, ukate jani moja kwa mkono wako, ulifunge, ujikabidhi jani hilo kwa niaba yangu. Ukilikataa, utaueleza ukoo wewe mwenyewe.

Ni mimi kaka yako,
Anselimu

Nami nimekubali, shangazi:
Rosalia