Javan Kweyu, Aliyetafuta Radi Ndani ya Chupa

Mwaka umezunguka, Javan, tangu siku ile stima iliporudi kwenye waya nawe ukaondoka. Mpaka leo napika uji wa watu wanne, halafu nakumbuka.

Baba yako aliniambia niandike kwenye tangazo hili la kumbukumbu mawili matatu tu, upendo na maombi. Nimechoka, mwanangu, lakini nimekataa. Wanaosoma hapa wana watoto.

Ulikuwa mpole. Redio ya Mama Triza, jirani yetu, uliifufua kila ilipokufa, na ulichokubali ni chai tu. Lakini maswali! Tangu mwalimu awaambie kwamba dunia ilikaa zamani bila kiumbe hata kimoja, hukutulia. "Mathe, sasa cha kwanza kilitoka wapi?"

Hata sufuria ya uji ulinizuia kuosha. "Ngoja, mathe. Maji yakikauka, vitu vilivyokuwa mbalimbali vinashikana. Kuna wanaosema uhai ulianza hivyo, kwenye vidimbwi vya maji ya moto, vinakauka, vinajaa tena." Wengine, ulisema, wanadai ni chini ya bahari, kwenye nyufa zinazotoa maji ya moto. Wenyewe bado wanabishana. Mimi niliyeishia darasa la saba nilikuelewa, maana ulinifundisha kwa sufuria yangu.

Nikauliza, "Na Mungu je?" Ukacheka. "Kwani nikijua ugali unavyoiva, mpishi anatoroka jikoni?"

Halafu ukasoma habari za wataalamu waliofunga maji na hewa ndani ya chupa, wakapitisha cheche kama radi, wakapata vijichembe ambavyo miili hujengwa navyo. "Si uhai, mathe. Ni matofali tu, nyumba bado." Ukataka chupa yako. Mama Triza akakutania mlangoni, "Javan, ukipika mdudu humo usituletee. Kunguni tulio nao wanatosha!"

Cheche ulizitafuta kwa mashine ya televisheni mbovu, ukaiunganisha na stima ya nyumba. Jumamosi hiyo stima ikapotea. Na sisi wa mtaa wa Lucky Summer stima ikipotea tunasema waya zimelala. Tunazishika, tunazifunga, na swichi tunaiacha vilevile. Ukaniambia, "Wacha nikaze hapa haraka, stima hakuna."

Nilikuwa nje naanika nguo. Ghafla redio zikaanza kuimba, na watoto wa ploti nzima wakapiga kelele, "Imerudi! Imerudi!" Hata mimi nilishangilia. Sauti yako peke yake sikuisikia.

Mama mwenzangu unayesoma, stima iliyopotea haijafa, imetoka tu, na ikirudi haibishi hodi. Zima swichi kubwa. Chomoa. Mtoto akikuambia anatafuta radi, usimcheke wala usimkataze maswali. Muulize anaitoa wapi.

Nasema haya kwa sababu ya dada yako Kageha. Juzi nilimkuta ameshika chupa yako mkono huu, waya mkono huu. "Mama, namalizia ya Javan." Nikainua ile chupa niipasue, mkono ukakataa. Waya na ile mashine nimempa fundi aende nazo. Chupa nimemwachia, haina kifuniko, ina maji ya kidimbwi cha pale bombani, imekaa dirishani kwenye jua. Ikikauka, anaongeza.

Jana maji yalianza kuwa kijani. Nikamwita mbio, "Kageha, njoo uone, uhai umeanza!" Akatazama, akatikisa kichwa kama wewe kabisa. "Huu si mwanzo, mama. Ni uhai uliokuwa ndani tayari, umeendelea tu."

Nikamshika, nikamwambia hilo ndilo ninaloomba kila siku.

Unakumbukwa na baba yako, Mzee Kweyu, mimi mama yako, Asenath Ayuma, Kageha wako, Kukhu, nyanya yako kule nyumbani, na Mama Triza, ambaye redio yake imenyamaza tena. Kila stima itakaporudi na watoto washangilie, sisi tutataja jina lako, Javan. Hatutaacha.