Cherehani Siuzi

Baba Mapacha wangu,

Mmoja amelala, mwingine yuko mgongoni ananivuta nywele, kwa hiyo usiucheke mwandiko.

Umesema nifunge duka, niuze cherehani, tukufuate huko. Kweli, mtaa wetu ulipochimbwa mtaro wateja walikatika. Nani aruke shimo ili apunguziwe suruali? Jirani yangu fundi viatu alisema, "Shemeji, siku hizi hata nzi wanapita njia nyingine."

Mwezi uliopita akaja mama mmoja wa manispaa kutuuliza tunataka nini. Wenzangu wakaanza hotuba. Mimi nikamwambia, "Dada, hebu vuka uje dukani kwangu kama mteja." Akashika sketi, akakwama kwenye tope katikati. Fundi viatu akamvuta mkono: "Karibu, mteja wetu wa kwanza wiki hii!" Mama akacheka, halafu akautazama mtaa mzima.

Sasa kila mlango una daraja la mbao, na wanachimba kipande kwa kipande. Kimoja kikifukiwa ndipo kingine kinaanza. Tena manispaa imekubali ovaroli za vibarua wake zishonwe hapa hapa mtaani, haziagizwi mbali tena. Nyingine ninazo mezani.

Jana pacha wako mmoja alimwita fundi viatu "baba". Watu walicheka. Mimi nilishindwa.

Nakupenda, mume wangu, lakini hatuji. Kazi ya kukata vitambaa ipo, na mikono yangu ni miwili tu. Rudi wewe.

Mkeo anayekungoja,
Mama Mapacha