Sala Fupi Wodini

Mama Anna mke wangu,

Usianze kulia, soma kwanza. Binti yetu homa bado haijashuka, ila matobolwa yako, viazi vile ulivyochemsha ukakausha, anakula. Gunia lake nimelibeba begani toka stendi ya Tabora mpaka hapa hospitali ya Kitete, bodaboda nimewakataa wote. Babu yangu alibeba pembe za ndovu kwa njia hii hii mpaka pwani, na mabega ni yale yale.

Sasa sikia. Jioni akina mama wa wodini wakasema, "Mzee wa kanisa yupo, atuombee." Nani kawaambia? Mimi mwenyewe. Unajua Ulyankulu nzima hakuna wa kunishinda kwa sala ndefu. Nikasimama, nikamwangalia Anna alivyokonda, nikawaza, je, kama hakuna anayesikiliza? Nikasema tu, "Baba, leo sina uhakika kama unanisikia. Lakini nimekuja kwako, sina pengine. Mponye Anna na wenzake. Amina."

Anna akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe. "Baba, leo umemaliza na uji bado wa moto!"

Bibi wa kitanda cha jirani akamkemea, "Mwache, mjukuu wangu. Sala kama hiyo hata mimi naiweza."

Shaka haijatoka, mke wangu, sikudanganyi. Kesho wameniomba tena na nimekubali. Wewe ukipiga magoti huko, ombea homa tu. Hili la kwangu nitabishana naye mwenyewe.

Nakukumbuka mpaka kelele zako. Kula vizuri.

Mumeo, Baba Anna